Siku Tulipompeleka Papa Sylvain Kwenye Mbio za Farasi

Kabla hujauliza bei ya kiingilio, uliza choo kiko wapi. Mnacheka. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza. Lakini ukishapeleka watu wazima mahali ambapo choo kiko upande wa pili wa uwanja, na kati yenu na hicho choo kuna farasi wanaokimbia, hutacheka tena.

Ninyi vijana wangu mnaoifanya kazi hii sasa, mnapanga safari ya watu mkiwa mmejilaza kitandani. Unabonyeza simu, basi limekodiwa. Unabonyeza tena, vyumba vimepatikana. Siwaonei wivu, nawafurahia. Sisi tulizunguka kwa miguu mitaa ya hapa Johannesburg, Yeoville yote mpaka Bellevue tukitafuta mwenye gari ambalo breki zake zinashika. Ila kuna jambo simu haiwezi kukufanyia, nalo ni kujua kwa nini watu wanataka kusafiri. Kwa hilo lazima ukakae nao, unywe chai yao, uwasikilize wakibishana. Ndiyo maana mliponiomba niwasimulie kazi yangu, nilifikiria kwanza safari ya farasi. Nilipeleka watu baharini, milimani, makanisani, kwenye maziara na kwenye maduka makubwa, lakini hiyo ndiyo ninayoishukuru kuliko zote.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Nomsa, Mzulu mwenye mwili na sauti yake, aliyekuwa na mabasi madogo pale Bellevue. Mimi nilitoka Tanga nikijua kupika mikate ya kumimina na kusuka ukili, basi. Alinichukua kwa sababu wateja wake Wakongo na Watanzania walikuwa wanaongezeka naye hajui Kiswahili hata neno. Nilimkuta na dereva mmoja ambaye aliwahi kuwashusha watu wa msiba kwenye harusi. Watu wale walikula kwanza, ndipo wakauliza marehemu yuko wapi. Tangu siku hiyo Mama Nomsa hakuruhusu basi liondoke mpaka dereva ataje kwa kinywa chake anakwenda wapi na kwa shughuli gani.

Jambo lake jingine lilikuwa hili. Kundi likija kupanga safari, aliwaacha waseme mpaka wachoke. Yeye anakula karanga zake tu. Halafu wakishaondoka ananigeukia: "Zuhura, nani hajasema?" Nikimjibu sijui, ananituma niwafuate.

Sasa, kundi la safari yenyewe lilikuwa la mafundi cherehani na wasusi wa Yeoville. Kila mwaka walichanga wakaenda matembezi. Mwenyekiti wao alikuwa Maman Odette, msusi wa kutoka Bukavu, mwanamke ambaye akiingia mahali hata redio inapunguza sauti. Mwaka ule alitangaza kwamba wanataka kwenda kwenye sherehe za mbio za farasi. Msidhani kuna aliyempenda farasi. Walikwenda kwa ajili ya mavazi. Katika nchi hii, siku ya mbio kubwa watu hujipamba kama mabibi na mabwana harusi, na mafundi wetu walikuwa wamechoka kuyaona mavazi hayo kwenye televisheni.

Tulikutana kwenye saluni yake, nimeketi chini ya mashine ya kukaushia nywele, nikawawekea mambo mezani. Durban, mwezi wa saba, mbio kubwa kuliko zote: bahari ipo, mitindo ipo, lakini ni mwendo wa usiku kucha au siku nzima barabarani, na vyumba hujaa mapema mno. Cape Town, mwezi wa kwanza: pazuri, lakini kwa basi utafika umesahau ulikuwa unakwenda kufanya nini. Halafu kuna za hapahapa Johannesburg. Hizi nazo ni lazima uchague msimu. Kiangazi cha hapa mnakijua, asubuhi jua, mchana radi. Radi ikianza, farasi wanarudishwa mabandani na ninyi mnabaki na kofia zilizolowa. Mwanzo wa baridi ndio wakati wake. Mbingu inakuwa safi, nyasi zimekauka, na unarudi kulala kwako.

Sikumaliza. Maman Odette alishapiga makofi. "Durban! Tunaenda Durban! Mama Zuhura, kitambaa cha kofia yangu nimeshanunua, kinafanana na bahari."

Wote wakapokea, Durban, Durban. Mzee Shaabani peke yake ndiye aliyeinua mkono. Huyu ni mtu wa kwetu Tanga, fundi wa kanzu.

"Bi Zuhura, mimi swali langu ni moja. Huko kuna kamari. Mungu akiniuliza nitajibu nini, kwamba nilifuata kundi?"

"Mzee wangu, kila uwanja una sehemu ya familia. Nyasi tu na watoto, mbali na madirisha ya kuwekea dau. Utakaa hapo na chupa yako ya chai, hakuna atakayekugusa."

"Na kumtazama farasi?"

"Kumtazama hakuna ubaya."

"Basi nitamtazama," akasema, akarudi kuketi kama mtu aliyeshinda kesi.

Walipoanza kutawanyika nilisikia sauti ya Mama Nomsa kichwani, nani hajasema. Nikamwona Papa Sylvain anakunja koti lake mlangoni. Alikuwa mtu mzima wa Lubumbashi, mwembamba, suruali yake siku zote ina mstari wa pasi. Aliishi chumba kimoja Bellevue, akafanya kazi kwenye karakana ya ushonaji Jeppestown. Kelele zote zile zilipita yeye akitazama mikono yake. Nikatoka naye, tukaongozana kuelekea kwenye teksi.

"Papa, wewe ungependa twende wapi?"

"Miye? Popote, Mama. Miye nafuata wengine."

"Papa Sylvain."

Tulikuwa tumefika kwenye robot, taa za barabarani wanavyoziita huku. Taa ikaturuhusu kuvuka, yeye akabaki amesimama.

"Mama Zuhura," akaniuliza, "kule Durban, watavaa mashati ya kwangu?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole, watu wakitupita kushoto na kulia. Mnajua kila mwenye farasi ana rangi zake, na anayempanda farasi huyo lazima avae shati la rangi hizo, ili watu wamtambue kutoka mbali. Mashati hayo hayauzwi dukani. Yanashonwa na fundi, kipande kwa kipande, nyota, mistari, misalaba, kwa kitambaa chepesi kama hewa. Papa Sylvain alikuwa akiyashona tangu alipoingia nchi hii.

"Miye nashona, bosi anapeleka. Siku wanakimbia, miye niko kwenye cherehani. Kwenye televisheni wanapita vruum, sioni kitu. Sijaonaka hata shati moja juu ya farasi, Mama. Hata moja. Na mwisho wa mwaka ninarudia Lubumbashi. Macho yamechoka, mtoto wangu anasema, Papa, kuja nyumbani."

"Kwa nini hukusema kule ndani?"

"Odette ameshanunua kitambaa."

Wanangu, nilimshika mkono tukavuka. Nikamwambia asubiri niulizie.

Nilikwenda Jeppestown kwenye karakana yao. Bosi wake alikuwa mtu mwema, akaniunganisha na watu wa banda la farasi ambalo Papa Sylvain amelishonea zaidi. Rangi zao zilikuwa kijani kibichi, mikono ya zambarau, na nyota nyeupe mgongoni. Nikawapigia. Wakaniambia Durban hawaendi mwaka huu, farasi wao bado wachanga. Lakini hapa Johannesburg, kwenye sherehe ya mwanzo wa baridi, watakuwa na farasi katika mbio kuu. Nikakata simu, nikakaa. Jibu nilikuwa nalo, na watu wote walikuwa wameshachagua mahali pengine.

Nilimwomba Papa ruhusa ya kuwaambia wenzake. Akakataa. Nilirudi tena na tende, akala tende, akakataa. Alisema maisha yake yote amekuwa mtu wa kutowasumbua watu, hawezi kuanza kuwasumbua wakati anaaga. Mwisho nikamwambia, "Sawa, mimi sitasema neno. Lakini mkutano ujao usije mikono mitupu. Njoo na shati moja, nataka kuliona kwa macho yangu."

Mkutano ulipofika, Maman Odette alikuwa na picha za hoteli za Durban, anazipitisha. Nami niliwaambia ukweli wa kazi, kwamba mwendo ni mrefu, kwamba tuna wazee, kwamba vyumba vilivyobaki viko mbali na uwanja. Hakuna aliyejali. Nilipoona wanainua mikono kukata shauri, nikasema, "Papa Sylvain hatujamsikia."

Saluni nzima ikamgeukia. Maskini, alikuwa na kifurushi cha gazeti mapajani. Hakusimama. Alilifungua gazeti, akalitandaza shati juu ya meza palepale kwenye vitana na mafuta ya nywele, akasema, "Hii ndiyo kazi yangu. Nilitaka kuiona ikikimbia. Lakini Durban pia ni muzuri."

Mnakumbuka nilikwambieni hawa walikuwa mafundi. Hakuna aliyeuliza swali la kijinga. Walisogea. Mzee Shaabani alivaa miwani yake, akaligeuza shati ndani nje, akatazama mshono wa nyota, akasema taratibu, "Subhanallah, sioni mwanzo wa uzi wala mwisho." Maman Odette alipitisha kiganja mgongoni mwa shati, akalishika hivyo kwa muda.

"Mais Papa," akasema, Kifaransa kikimtoka, "tunakaa jengo moja, tunapanda ngazi moja kila siku. Unanisalimia kila siku. Kwa nini sikujua?"

"Hukuniuliza, na miye sikukuambia. Haina kosa."

Maman Odette alinitazama. "Hili shati litakimbia wapi?"

"Hapahapa Johannesburg."

Akazikusanya picha za hoteli, akazipiga mezani kuziweka sawa, akazitia kwenye droo. "Bon. Durban tutaenda mwaka kesho. Kofia yangu inaweza kuvaliwa hata Soweto."

Wiki moja kabla ya safari nilikwenda mwenyewe uwanjani, na hili nawasihi mlishike. Picha za kwenye simu hupigwa na mwenye kuuza. Nenda ukanyage. Nilipata vyoo, nikapata kivuli, nikapata mahali Mzee Shaabani angeswalia adhuhuri na alasiri bila mtu kumpita mbele. Na nikapata uzio wa kile kiwanja kidogo ambako farasi huzungushwa kabla ya mbio, watu wawatazame. Nikajua hapo ndipo nitakapomweka Papa Sylvain.

Siku yenyewe kofia ya Maman Odette haikupita mlangoni mwa basi. Ilipitishwa dirishani, ikawekewa kiti chake, ikafungwa mkanda. Mzee Shaabani akasema hajawahi kukaa karibu na abiria mtulivu kama yule. Tulikwenda tukiimba. Papa Sylvain alivaa suti ya rangi ya maziwa aliyojishonea, sindano yake na uzi vimechomekwa chini ya ukosi kama kawaida ya mafundi.

Tumefika, tumetandika mikeka, wali na samaki vimefunguliwa, ndipo kipaza sauti kikatangaza walioondolewa kwenye mbio kuu. Nikasikia jina la farasi wetu. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamuuliza mlinzi. Akasema ndiyo, mguu umevimba tangu asubuhi, hatakimbia.

Nilirudi pale kwenye mkeka. Papa alikuwa ameshaelewa kabla sijafungua mdomo.

"Haina neno, Mama. Farasi pia anaumwaka. Kaa, kula."

Sikuweza kula. Nilimwacha na wenzake, nikashuka kwenye mabanda, nikamtafuta mtu yeyote aliyevaa kijani na zambarau. Nilimpata mtunza farasi mmoja, mtu wa makamo, koti lake lina rangi zile. Nikamweleza mbio mbio, Kizulu changu kibovu na Kiingereza vikichanganyika. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anasugua hatamu.

"Huyo mzee ndiye anayeshona?" akaniuliza. "Haya mashati ninayoyafua kila wiki?"

"Ndiye."

"Eish." Akaiweka hatamu chini. "Mama, tuna jike mmoja mdogo. Hana jina kubwa, yuko kwenye mbio ya mwisho kabisa. Mngojeni."

Mbio ya mwisho! Basi letu lilitakiwa kuondoka mapema kabla ya hapo, kwa sababu jioni lilikuwa na kazi ya kubeba kwaya. Nikampigia Mama Nomsa. Wakati huo alikuwa ameshazeeka, anaendesha shughuli akiwa kwenye kiti chake cha sebuleni.

"Mama, naomba basi libaki mpaka mbio ya mwisho."

"Kwaya je?"

Nikamweleza habari ya Papa Sylvain.

"Hawu, Zuhura. Kashona muda wote huo na hajaona?"

"Hajaona, Mama."

"Basi likae. Kwaya nitawatafutia gari la shemeji yangu, watabanana. Wakilalamika nitawaambia waimbe."

Hakunidai chochote kwa jambo lile, si siku hiyo wala baadaye. Na hakuwahi kumjua Papa Sylvain hata kwa sura. Mkinisikia nikimtaja Mama Nomsa katika dua zangu, mjue ni kwa sababu ya mambo kama hayo.

Niliporudi na habari, baridi ilikuwa imeanza kuuma. Niliwauliza wote waziwazi kama wako tayari kungoja, maana kuna waliokuja na viatu vya wazi na mabega nje. Maman Odette alijifunika khanga yangu juu ya gauni lake la rangi ya bahari na kusema, "Nani anaondoka? Asimame nimwone." Hakusimama mtu. Mzee Shaabani alimmiminia Papa chai ya mwisho ya chupa.

Jua lilikuwa limeinama walipowaleta farasi wa mbio ya mwisho kwenye kile kiwanja kidogo. Papa Sylvain alikuwa ameushika uzio kwa mikono miwili. Mpanda farasi akatoka ndani, kijana mdogo wa umbo, kijani, zambarau, nyota nyeupe mgongoni. Akapandishwa juu ya yule jike mwekundu. Wakapita mbele yetu, karibu, ungeweza kusikia ngozi ya tandiko inavyolia. Papa alikuwa anafuata shati kwa macho kama mtu anayesoma.

Kisha tukahamia kwenye uzio wa njia wanayokimbilia, na mbio zikaanza. Mnajua zinavyokuwa, unangoja siku nzima kwa kitu cha kupepesa macho mara mbili tatu. Kwanza ilikuwa ngurumo tu chini ya miguu, halafu rangi zote zimefumana, na Maman Odette anapiga vigelegele vya harusi, na Mzee Shaabani, ambaye alikuja kutazama tu, amesimama juu ya kiti: "Kijani! Kijani! Twende, mama!" Jike wetu alikuja katikati ya kundi. Hakushinda, wala hakukaribia.

Nilimgeukia Papa Sylvain nimpe pole. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

"Umeona mkono wa shati? Mama Zuhura, umeona mkono? Umelala! Zamani walinirudishia mashati, wanasema mikono inajaa upepo, inapiga kelele masikioni mwa farasi. Nikabadilisha kukata. Miye sikujuaka kama ilisaidia. Umelala kabisa!"

Farasi walikuwa wanarudishwa. Yule mtunza farasi akatuona, akamwambia mpanda farasi neno, kijana akashuka, akaja mpaka kwenye uzio, uso umejaa vumbi. Alitaka kumpa Papa mkono, na alipouinua tukaona shati limechanika chini ya kwapa. Alisema lilinaswa kwenye chuma cha geti la kuanzia mbio. Aliona haya, kama mtoto aliyechafua nguo ya sikukuu.

"Simama," Papa akamwambia, kwa Kiswahili kabisa.

Kijana hakujua Kiswahili, lakini alisimama. Papa akatoa sindano chini ya ukosi. Alitunga uzi mara moja, na macho yale aliyosema yamechoka. Akashona palepale juu ya uzio, mkono wa kijana umeinuliwa juu, farasi wakipumua nyuma yake. Watu waliokuwa wanatoka uwanjani walipunguza mwendo kutazama. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akalipapasa shati, akalinyoosha begani.

"Sharp, baba, safi kabisa," kijana akasema kwa sauti ya chini, kwa lugha yake. "Asante sana." Na akavua ile kofia yake ngumu.

Papa Sylvain aliondoka mwisho wa mwaka, kama alivyosema. Durban walikwenda mwaka uliofuata na ilikuwa raha tupu. Mimi magoti yamenitoa kazini, lakini nina mengi ya kushukuru: Mama Nomsa aliyenifundisha kuuliza, wateja walionivumilia, mji huu ulionipokea na mikate yangu ya kumimina. Nanyi mnaonijia na maswali, nawashukuru pia.

Siku ile tulipokuwa tunarudi, Papa alilala kabla hatujatoka kwenye lango la uwanja. Kundi lile lilikuwa halijui kusafiri bila kuimba. Lakini hakuna aliyeimba. Dereva alizima redio mwenyewe. Tulipita mjini taa zinawaka, watu wamekaa kimya na kofia mapajani, mpaka Yeoville. Niliwashusha wote, nikamwamsha yeye wa mwisho.

"Tumefika?"

"Tumefika, Papa."

Alijinyoosha, akaikagua suti yake kama imekunjika, akashuka ngazi za basi taratibu. Chini akageuka, akanishika mkono.

"Mama Zuhura," akasema, "asante kwa kunipeleka kazini."